NZIGE HAWAJUI MPAKA

Mwishoni mwa Desemba 2019 makundi ya nzige wa jangwani yalivuka mpaka kutoka Somalia na kuingia kaskazini-mashariki ya Kenya. Hapakuwa na kizuizi cha barabarani kilichoweza kuyasimamisha. Kwa muda wa miaka 70 Kenya ilikuwa haijapata kuona uvamizi wa kiasi kile. Kundi moja lililopimwa huko lilikuwa na urefu wa kilomita 60 na upana wa kilomita 40.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, yaani FAO, linaeleza kwamba kundi linaloenea kilomita moja tu ya mraba laweza kuwa na nzige milioni 80, na kwa siku moja hula chakula kinachotosha watu 35,000. Kila askari aliyewahi kushika kazi ya kulisha kikosi ataifahamu mara moja maana ya hesabu hiyo.

Siku za mwanzo wananchi walipambana kwa silaha walizokuwa nazo. Walipiga madebe, walipiga mayowe, waliwasha moshi. Nzige waliinuka na kutua katika shamba la jirani. Ikadhihirika kwamba kumfukuza adui huyu si kumshinda, na kwamba swali la kwanza ni lile lile la vita vyote: adui yuko wapi, na anaelekea wapi?

Hapo ndipo simu ya mkononi ilipoingia vitani. Mwaka 2020 FAO, ikishirikiana na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani, ilitoa programu ya simu iitwayo eLocust3m. Mtu aliyefundishwa kidogo aliweza kupiga picha ya nzige, simu ikaandika mahali alipo na saa, na taarifa ikapelekwa kwa wataalamu. Picha ilikata mzizi wa fitina, maana panzi wa kawaida na nzige wa jangwani si kitu kimoja, na ndege haiwezi kurushwa kwa uvumi. Wakati huo huo kampuni ya 51 Degrees ya Kenya, iliyozoea kazi ya kulinda wanyama dhidi ya majangili, iliitumia programu ya EarthRanger, ambayo ilikuwa ikifuatilia doria za askari wa wanyamapori, ili kufuatilia mwendo wa nzige. Chombo kilichomwinda jangili kikageuzwa kumwinda mdudu.

Faida yake ilikuwa kubwa, na sababu yake ni tabia ya nzige mwenyewe. Mchana kundi laweza kusafiri hata kilomita 150. Jioni hutua na kulala, na asubuhi hukaa likiota jua kabla ya kuruka. Saa hizo chache ndizo za kumpiga. Aidha, mayai yakiangulika hutoka tunutu, nzige wachanga wasio na mabawa, ambao hutembea ardhini kwa majuma kadhaa. Anayewakuta tunutu huwamaliza kwa gharama ndogo. Anayechelewa hukabili kizazi kinachoweza kuongezeka mara 20 kwa miezi mitatu.

Lakini jambo hili lina upande wa pili, nao unahusu ardhi. Mwaka 1978 Waaustralia wawili, Bill Mollison na David Holmgren, walitoa kitabu kuhusu mfumo wa kilimo na maisha walioupa jina la permakalcha. Mfumo huo ulikuja kusimama juu ya nguzo tatu: kuitunza ardhi, kuwatunza watu, na kugawana kwa haki kile kinachopatikana. Wapo wanaodhani kwamba maadili hayo na mitambo ya elektroniki havikai chungu kimoja. Vita vya nzige vinaonyesha vingine.

Dawa kali ya kemikali haichagui. Humwua nzige, humwua na nyuki, na yaweza kumdhuru ndege, mfugo na mchungaji. Ikimwagwa kwa kubahatisha, mwananchi aliyeokolewa na nzige atabaki na malisho yenye sumu na mizinga mitupu. Taarifa sahihi ya mahali humwezesha rubani kupiga pale tu adui alipolala, na kuacha maji na makazi ya watu. Nchini Somalia serikali na FAO walikwenda mbele zaidi, wakatumia kwa wingi dawa itokanayo na ukungu uitwao Metarhizium acridum, ambao huwashambulia nzige na jamaa zao lakini hauwadhuru nyuki wala wanyama. Ukungu huo huua polepole, kwa siku kadhaa, kwa hiyo hufaa hasa kwa tunutu. Maana yake ni kwamba bila macho yanayoona mapema, dawa iliyo njema kwa ardhi haina nafasi, na watu hulazimika kurudi kwenye sumu.

Nguzo ya tatu, ile ya kugawana, nayo ina somo lake. Taarifa za mfugaji wa Samburu au Turkana zilikusanywa pamoja na za nchi nyingine, zikawa maonyo kwa nchi zote. Februari 2020 nzige walipoingia Karamoja, Uganda ilipeleka wanajeshi wake wakiwa na mabomba ya kunyunyizia dawa mgongoni. Kenya iliwafundisha kazi hiyo vijana wa Huduma ya Taifa kwa Vijana. Februari 2021 makundi yalifika hata mikoa ya kaskazini ya Tanzania, ukiwemo Manyara. Nchi iliyoficha habari ingekuwa imemwumiza jirani, na mwisho wake ingejiumiza yenyewe.

Hata hivyo, haifai kuisifu simu kupita kiasi. Balaa hili lilianza mwaka 2018, tufani Mekunu na Luban zilipomwaga mvua katika jangwa la Uarabuni, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuona. Nzige wakazaana. Walipofika Yemen walikuta vita, na katika vita hakuna mkaguzi anayezunguka mabondeni kutafuta mayai. Huko Somalia nako yalikuwapo maeneo ambayo maofisa wa kilimo hawakuweza kuyafikia kwa sababu ya mapigano. Programu bora duniani haifanyi kazi pale ambapo mwenye simu anaogopa kutoka nje. Amani ndiyo iliyokosekana kwanza, na njaa ikafuata nyuma yake.

Kwa askari wa mpakani, somo liko wazi. Wimbi lile lilikwisha mwanzoni mwa mwaka 2022, lakini nzige hurudi mvua zinapowapendelea, na baada ya kimya cha miaka watu husahau hata sura ya tunutu. Mara nyingi mtu wa kwanza kuyaona makundi hayo atakuwa mchungaji au askari wa doria. Picha moja, mahali na saa, zikipelekwa siku ile ile kwa ofisa wa kilimo wa wilaya, zaweza kuokoa mavuno ya tarafa nzima pamoja na nyuki wake. Na mchungaji atakayeona kwanza atamweleza askari ikiwa tu amezoea kusikilizwa naye.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nzige hawajui mpaka, kwa hiyo taarifa zao nazo zisikwame mpakani.