Sentimita 85 za mwisho

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Baraka)



Mulituomba tuseme juu ya jambo moja: chama kinunue ama kisinunue winchi ndogo ya kukunja, ile inayofungwa nyuma ya pikapu kwa kupandisha vitu vizito. Katika mikutano ya vikundi tulisikia sauti mbili. Wamoja walisema ni anasa, heshima ya bure, wakati watoto wanakosa karo ya masomo. Wengine, na hao ni wapakizi wetu wenyewe, waliuliza: "Chuma hiyo ikifika, sisi tutakula nini?" Maswali yote mawili ni ya haki, na tumekuja kuyajibu.

Tuanze na kipimo. Tulichukua mita, tukapima kutoka chini hadi sakafu ya karoseri ya pikapu yetu. Ni sentimita 85, kufika kiunoni mwa mtu mzima. Sasa angalieni safari ya mashini moja ya kusaga mihogo. Inatoka kiwandani ng'ambo ya bahari, winchi ya bandari inaishusha, kamio inaileta, na kila hatua imelipiwa, iko na karatasi yake na bei yake. Mashini inafika Baraka. Inabaki kuipandisha sentimita 85 ndani ya pikapu ili iende kijijini. Hapo hakuna karatasi tena. Hapo tunaita vijana wanne.

Katika miradi yote tuliyosimamia, tuliona mstari wa mashini, mstari wa mafuta, mstari wa shofere. Mstari wa kupakia na kushusha hatujauona. Lakini kazi hiyo inalipwa, wandugu. Inalipwa na mgongo wa mtu, na baadaye inalipwa na kasha letu la msaada. Daftari la kasha liko na majina ya wapakizi waliolipiwa matibabu ya mgongo, ya kidole kilichopondwa, ya mguu. Hatutayasoma hapa, ni watoto wetu na munawajua. Tunataka tu ieleweke kwamba fedha hiyo inatoka tayari. Inatoka kwa kuchelewa, mtu akiwa ameshaumia.

Tuongee kilo. Pipa la mazuti la lita 200, likijaa, ni karibu kilo 190 pamoja na bati lake. Mfuko wa simenti ni kilo 50. Motere ya dizeli ya silinda moja, kama zile za nguvu ya farasi 12 zinazozungusha mashini zetu, inapita kilo 100 kwa urahisi, na zile za kizamani zinapita hata 300. Shirika la Kazi Duniani liliandika mwaka 1967 kwamba mzigo wa kubebwa na mwanaume mzima ukizidi kilo 55, zitafutwe njia haraka za kuupunguza. Wataalamu wa afya ya kazi kule Marekani walirekebisha kanuni yao mwaka 1991, nao wanaanzia kilo 23, tena mzigo ukiwa karibu na mwili, mahali pa kushika pakiwa pazuri, na mtu asipinde kiuno. Sisi tunapakia tukiwa na malapa miguuni, juu ya matope, na pipa halina hata pa kushika.

Tutasemaje basi? Tunasema kidole kimoja hakivunji chawa, tunaita watu wanne. Tufanye hesabu. Kilo 190 kwa watu wanne ni kilo 47 na nusu kwa kila mmoja, kama wote wana urefu mmoja na wananyanyua kwa wakati mmoja. Lakini mmoja akiteleza, kwa kufumba jicho wale watatu wako na kilo 63 na zaidi kila mmoja, na hawakujitayarisha. Ajali nyingi za kupakia zinatokea hapo, watu wanapokuwa wengi na mmoja ameteleza. Umoja wetu ni mzuri, lakini umoja haupunguzi uzito wa pipa.

Sasa tuje kwenye vyombo. Tuliangalia njia tatu.

Ya kwanza ni mlango wa nyuma unaopanda na kushuka wenyewe kwa umeme na mafuta ya hidroliki. Ni kitu kizuri mjini kwenye lami. Lakini chenyewe ni kizito, mara nyingi kilo 100 na zaidi, na kila kilo ya chuma hiyo ni kilo moja ya mihogo ambayo pikapu haitabeba. Kinakula betri ya gari. Kinaning'inia nyuma karibu na ardhi, nanyi munajua mashimo na mawe ya barabara yetu ya taifa namba 5 wakati wa mvua. Motere yake ndogo ya umeme ikiungua, tutangoja kipuri wiki ngapi? Hii hatuishauri.

Ya pili haiitaji kuagizwa popote. Ni mbao mbili ngumu za mita 3 na kamba mbili. Wazee waliofanya kazi bandarini Kigoma ama Kalundu wataitambua. Mbao zinaegemezwa kwenye ukingo wa sakafu ya karoseri. Zisiegemezwe juu ya ule mlango mdogo wa nyuma uliofunguliwa, maana bawaba zake hazikuundwa kubeba hivyo. Kichwani mwa kila ubao fundi anaweka ndoano ya chuma ili usiteleze. Pipa linalazwa chini ya mbao. Kamba mbili zinafungwa mbele ndani ya karoseri, zinashuka, zinapita chini ya pipa, zinalizunguka, na ncha zake zinarudi juu kwa watu wawili waliosimama ndani ya gari. Wakivuta, pipa linabingirika lenyewe na kupanda.

Hesabu yake ni hii. Juu ya ubao wa mita 3 unaopanda sentimita 85, pipa la kilo 190 linasukumwa kwa nguvu ya kilo 54 hivi, badala ya 190. Na kwa sababu kamba imelizunguka pipa, nguvu inagawanyika tena mara mbili, inabaki 27. Watu wawili wakivuta, ni kilo 13 ama 14 kila mmoja, ongezeni kidogo kwa msuguano. Kazi ya wanaume wanne imekuwa kazi ya wamama wawili, na tena hakuna mtu anayesimama chini ya pipa. Hilo ndilo sharti: chini ya mbao hasimami mtu, hata kwa kusaidia.

Lakini njia hiyo ni ya vitu vinavyobingirika. Motere haibingiriki, jenereta haibingiriki. Hapo tunafika kwenye njia ya tatu, ile winchi ya kukunja. Ni nguzo fupi ya chuma inayosimama kwenye kona ya karoseri, na mkono juu yake unaozunguka. Mkono unanyanyuliwa na kriki ya mafuta, ni pampu ya mkono tu, haina umeme. Kriki ya namna hiyo kila gareji ya hapa inaijua na inaweza kuifungua na kubadilisha mpira wake. Kazi ikiisha, mkono unakunjwa, gari linaenda.

Nyingi za winchi hizo zimeandikwa uwezo wa kilo 450 ama 500. Hapa tunaomba musikie vizuri, hasa shofere. Namba hiyo ni ya mkono ukiwa umefupishwa. Mukiuvuta kuwa mrefu, uwezo unashuka hata kufika nusu. Ni kama kubeba ndoo ya maji: ukiishika karibu na kifua unaiweza, ukinyoosha mkono inakushinda, na maji ni yale yale. Kwa hiyo tunashauri chama kijiwekee sheria yake: tusivuke nusu ya namba iliyoandikwa kwa urefu ule tunaotumia. Motere ya kilo 150 itapanda salama mkono ukiwa umefupishwa. Ile ya kilo 300 hatuipakii kwa winchi hii, tutafute kamio.

Jambo lingine, winchi isifungwe juu ya bati la karoseri peke yake. Bati la pikapu ni jembamba, litapinda siku ya kwanza na kupasuka siku ya kumi. Lazima kuwe na sahani nene ya chuma chini, na buloni zishuke kushika fremu ya gari. Gari lisimame mahali pa tambarare na mawe nyuma ya matairi. Likiegemea upande, mkono wenye mzigo unazunguka wenyewe kwenda upande wa bonde na utampiga aliye karibu. Mzigo ufungwe kwa mikanda inayozunguka mwili wa motere. Tusiufunge kwenye bomba la moshi ama tanki.

Faida kubwa ya winchi hii tunaiona kijijini. Hapa Baraka tunaweza kupata vijana wanne, hata nane. Kule tunakopeleka mashini tunafika saa kumi na moja jioni, watu bado mashambani, tunakuta wamama watatu na mzee. Basi inafanyika ile munayoijua: matairi ya zamani yanatandikwa chini, na motere inasukumwa iangukie juu yake. Mguu wa motere ni chuma cha kuyeyushwa, ukigonga vibaya unapasuka. Mashini iliyosafiri bahari nzima inavunjikia sentimita 85 za mwisho, mbele ya mlango wa wenye mashini. Winchi iliyo juu ya gari inasafiri na gari, inapakia hapa na kushusha kule. Ndiyo sababu tunasema si anasa.

Sasa swali la wapakizi. Hatutalikwepa. Wengi wetu tulirudi na meli zilizotoka Kigoma kuja Baraka tangu mwaka 2005. Aliyerudi alikuta shamba limelimwa na mwingine, nyumba imekuwa msitu. Kitu alichorudi nacho ni nguvu zake. Kupakia ndiyo kazi ya kwanza ambayo kijana aliyerudi anapata, bila diploma na bila kujuana na mkubwa. Chuma kikija kumnyang'anya kazi hiyo, chama kitakuwa kimemsaliti mtu ambaye kiliundwa kwa ajili yake.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Winchi isinunuliwe bila azimio lililoandikwa. Moja, wapakizi walio kwenye orodha ya chama ndio watakaofundishwa kuitumia, hatuleti watu wapya. Mbili, malipo yabaki kwa safari, yale yale ya leo, hata kama kazi imekuwa nyepesi. Tukipunguza malipo kwa sababu kuna chombo, watu watakificha chombo na kurudi mgongoni, na watakuwa na haki. Tatu, yeyote aliye kwenye kazi, hata mdogo kuliko wote, akisema "simama", kazi inasimama, na hakuna wa kumcheka wala kumkata malipo. Nne, wamama wanaotaka kujifunza waingie. Pampu ya mkono haiulizi mwanaume ama mwanamke.

Kwa marafiki wetu munaotoa misaada, tuna neno moja. Munapotuletea mashini, tafadhali muongeze mstari mmoja kwenye bajeti: kupakia na kushusha. Humo ziingie mbao, kamba, mikanda, glavu, malipo ya watu, na matengenezo ya kriki. Ni fedha ndogo ukilinganisha na bei ya mashini. Lakini mstari huo ukikosekana, anayejaza pengo ni mpakizi, naye hakuulizwa.

Basi tunawaomba wanachama mukate mambo mawili leo. La kwanza, mbao na kamba zianze wiki hii. Maseremala tunao, na mbao ngumu zinapatikana hapa hapa. Hilo halingoji mfadhili. La pili, komite iruhusiwe kutafuta bei za winchi ya pampu ya mkono kwa wauzaji watatu, na kuuliza kila mmoja kama mpira wa kriki na vipuri vingine vinapatikana Uvira ama Bujumbura. Asiyeweza kujibu swali hilo, tusinunue kwake hata akiwa na bei ya chini.

Mukiamua kwamba winchi ingoje, tutaheshimu. Lakini mbao na kamba zisingoje. Pipa linalofuata linakuja Alhamisi, na tayari tunajua ni nani watakaoitwa kulinyanyua.

Tuko tayari kwa maswali.