Dawa za Kifafa na Kipimo cha Tezi za Juu ya Figo



Uchukuliwe mfano wa mama wa kijijini ambaye kwa miaka mingi amemeza fenobabitali kila jioni ili kuzuia kifafa. Sasa tumbo limenenepa, uso umekuwa wa mviringo, na shinikizo la damu limepanda. Daktari anashuku tezi za juu ya figo na kumwandikia rufaa, pengine hadi Maweni mjini Kigoma, pengine hadi Bugando, Mwanza. Nauli inapatikana kwa kuuza maharage na mbuzi. Huko anaulizwa kama anatumia dawa yoyote, naye, kwa aibu, anajibu hapana. Neno hilo moja laweza kuiharibu safari yote.

Tezi hizo ni mbili, kila moja imekaa juu ya figo lake. Hutengeneza homoni iitwayo kotisoli, inayouwezesha mwili kuhimili maradhi, njaa na mshituko. Ikizidi kwa muda mrefu huleta hali aliyoieleza daktari Mmarekani Harvey Cushing mwaka 1912. Ikipungua mno, mgonjwa hudhoofika, hukonda na huweza kuzirai. Hali hiyo ilielezwa na Thomas Addison wa London mwaka 1855, na miongoni mwa visababishi vyake ni kifua kikuu kinachoshambulia tezi zenyewe.

Ili kujua kama kotisoli imezidi, mgonjwa hupewa miligramu 1 ya deksamethasoni kati ya saa 5 na saa 6 usiku, kisha hutolewa damu asubuhi yake, saa 2 au saa 3. Kwa mtu mwenye afya, dawa hiyo huziamuru tezi zipumzike, na kotisoli hushuka. Isiposhuka, daktari ana sababu ya kushuku ugonjwa.

Hapo ndipo dawa za kifafa huingia. Fenobabitali, fenitoini na kabamazepini hulichochea ini livunje dawa nyingine kwa kasi kuliko kawaida. Deksamethasoni iliyomezwa usiku huvunjwa kabla ya kumaliza kazi yake. Kulipopambazuka, kotisoli iko juu, na cheti cha maabara kinamwonyesha mama huyo kuwa mgonjwa wa tezi ilhali tezi zake huenda ni nzima. Vipimo vingine hufuata, na gharama pamoja navyo. Valproeti, ambayo nayo ni dawa ya kifafa, haina tabia hiyo ya kulichochea ini.

Wapo wanaodhani suluhisho ni kuacha vidonge siku mbili tatu kabla ya kupimwa. Hilo ni kosa mara mbili. Kwanza, ini huendelea kuchochewa kwa wiki kadhaa baada ya dawa kuachwa, kwa hiyo kipimo hakirekebiki. Pili, anayekatisha fenobabitali ghafla huweza kupata degedege lisilokoma, na hilo huua. Mwongozo wa kimataifa wa wataalamu wa homoni wa mwaka 2008 unashauri wagonjwa wa namna hii wapimwe kwa njia nyingine: kotisoli katika mate yaliyochukuliwa usiku wa manane, au katika mkojo wa saa 24. Daktari atachagua njia hiyo iwapo tu ameambiwa.

Si haki kumlaumu anayeficha. Huko Mahenge, Dkt. Louise Jilek-Aall alipoanza kuwatibu wenye kifafa karibu na mwaka 1960, aliwakuta watu waliotengwa hata katika chakula, kwa hofu kwamba mate yao yanaambukiza. Kifafa hakiambukizi, wala kwa mate wala kwa povu. Anayeona haya kusema mbele ya foleni ana haki ya kuomba azungumze na mhudumu faraghani.

Liko pia jambo la upande wa pili. Mgonjwa ambaye tezi zake zimeshindwa huishi kwa vidonge vya haidrokotisoni. Akianzishiwa mojawapo ya dawa hizo tatu za kifafa, au rifampisini ya kifua kikuu, ini huvivunja vidonge hivyo upesi na kipimo alichozoea huenda kisitoshe. Kutapika, kizunguzungu na udhaifu mkubwa katika siku hizo ni sababu ya kwenda kituoni mara moja, bila kungoja tarehe ya kliniki.

Na kwa kuwa uso wa mviringo mara nyingi hutokana na vidonge au krimu za steroidi zilizonunuliwa dukani bila cheti, zikiwamo zinazouzwa kwa ajili ya kunenepesha, hizo nazo zitajwe. Asiyejua jina aende na pakiti. Pakiti za dawa zote, pamoja na kadi ya kliniki, ziwekwe katika mfuko mmoja na barua ya rufaa kabla ya kupanda basi.