Daftari la Watoto Wadogo

Nazungumza nanyi kutoka Vitongoji, na naamini wengi wenu mmeketi barazani pamoja na majirani. Somo letu la leo ni fedha zinazotumika kuwapima na kuwahesabu watoto ambao bado hawajafika umri wa kwenda skuli.

Juma lililopita mzee mmoja aliniuliza, "Mwalimu, fedha hizo si afadhali zinunuliwe dawa?" Swali lake ni zuri, na jawabu yake imo humu humu Pemba.

Mwaka 2001 zilitolewa habari za uchunguzi uliofanywa kisiwani kwetu kwa watoto 614, wa miezi sita mpaka chini ya miaka mitano. Kwa muda wa mwaka mmoja, wengine walipewa madini ya chuma kila siku, na wengine kitu kilichofanana na dawa lakini hakina dawa ndani. Wazazi wakaulizwa: mtoto anasimama? Anatembea? Anasema maneno gani? Ikaonekana waliopewa chuma waliendelea vizuri zaidi katika kusema, na wale waliopungukiwa sana na damu waliendelea vizuri zaidi katika viungo pia. Sisi watu wa elimu tulifurahi, maana mtoto asemaye vizuri ndiye afundishikaye vizuri.

Basi mtu angesema: yatosha, wapewe wote! Lakini ukafanywa uchunguzi mwingine mkubwa hapa hapa Pemba, wa watoto zaidi ya 24,000 wenye umri chini ya miaka mitatu. Tarehe 19 Agosti 2003 utoaji wa chuma ukasimamishwa kabla ya wakati wake. Kwa nini? Daftari lilionyesha kwamba, katika idadi sawa ya watoto, pale ambapo 100 wasiopewa chuma walikufa au walilazwa hospitali kwa ugonjwa, kwa waliopewa walikuwa kama 112. Siku hizo malaria ilikuwa nyingi. Mtoto aliyepungukiwa na chuma kweli, na malaria yake ikatafutwa na kutibiwa, aliweza kufaidika. Asiyepungukiwa huenda alidhurika.

Sasa, mzee wangu, fikiri. Mama wa Konde humwona mtoto wake tu, na mama wa Kengeja wake. Mtoto akiugua, kila mmoja husema ni amri ya Mungu, na nani angejua kuwa dawa imo? Tofauti ya 100 na 112 haionekani kwa macho. Yataka watu wa kupita nyumba kwa nyumba, mizani, mishahara, na maabara kama ile ya Wawi, jirani yetu, iliyofunguliwa mwaka 2000. Hizo ndizo fedha ulizoniuliza. Hesabu ya Pemba ilichapishwa mwaka 2006, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba penye malaria, chuma kitolewe pamoja na kinga na tiba ya malaria.

Lawama ninayo, lakini si ya kuhesabu. Nimekutana na wazazi waliojibu maswali mengi, wasirudiwe na mtu hata siku moja kuambiwa kilichoonekana. Mchuma karafuu huambiwa pishi zake jioni ile ile. Mzazi naye aambiwe, kwa Kiswahili, na fedha za kumrudia zitengwe tangu mwanzo, zisiwe makombo.

Na sisi wa skuli tusijione wema. Niliwahi kuletewa daftari la darasa la watoto wadogo ambamo wote walihudhuria siku ya mvua kubwa ya masika, hata mimi nilishindwa kuvuka njia! Daftari la namna hiyo ni bora lisiwepo.

Kabla ya kipindi kijacho, kila kikundi kiulize katika nyumba kumi: mtoto wa mwisho alianza kutembea akiwa na miezi mingapi? Asiyekumbuka, andikeni "hakumbuki", msimbahatishie. Majibu tutayasoma pamoja.