Akitoka Jela, Atakwenda Wapi?

(Maneno tuliyosema mbele ya viongozi wa jumuiya na vikundi vya maendeleo)



Leo tumeombwa tuseme juu ya jela. Wengi wetu hatupendi hata kuitaja. Lakini ni kijiji gani hapa kisicho na mtu wake aliye ndani, au aliyetoka juzi?

Mtu hupelekwa jela kwa nini? Wengi watajibu: aadhibiwe, akome. Ni kweli, mwenye kosa apate adhabu. Mama aliyevunjiwa duka usiku ana haki ya kulia, na hatukuja hapa kumwambia anyamaze. Lakini tujiulize jambo la pili. Wafungwa walio wengi siku moja hutoka. Je, atakayerudi kwetu ni mtu mwenye nafuu, au ni mwizi aliyesomeshwa wizi na wenzake huko ndani?

Jela zetu tulizirithi kwa mkoloni, na kazi yake ilikuwa kutia watu hofu. Kuna yaliyobadilika. Adhabu ya viboko mahakamani ilifutwa kwa sheria mwaka wa 2003. Tangu mwaka huo Bw. Moody Awori, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani na baadaye Makamu wa Rais, alifungua milango ya jela watu wakaona hali ya ndani. Katiba ya 2010, kifungu cha 51, inasema mfungwa ana haki zake zote isipokuwa zile ambazo haziwezekani akiwa amefungwa. Msongamano bado upo, lakini leo wako wanaojifunza useremala na ushonaji humo, na wengine hufanya mtihani wa KCSE.

Basi shida iko wapi? Nyingine iko kwetu. Tuwaambie ukweli.

Kijana mmoja wa kwetu, jina tunaliweka kando, alifungwa kwa wizi. Ndani akajifunza useremala, akafaulu mtihani wa ufundi. Aliporudi alikuta mke amekwenda kwao na shamba linalimwa na ndugu yake. Alipoomba kazi mjini aliambiwa alete cheti cha tabia njema cha polisi, na kosa lake limeandikwa pale. Akaja kwa kamati yetu. Wakati huo tulikuwa tunatafuta fundi wa madawati ya nasari. Tulimwambia, "Rudi wiki ijayo." Akarudi. Tukamwambia vile vile. Kazi tukampa fundi mwingine, tena kwa bei ya juu.

Baada ya miezi minne alishikwa tena. Aliiba nini? Mbao.

Hatusemi alifanya vizuri. Mwenye mbao alipata hasara. Lakini sisi tuliokuwa na kazi mkononi tukamnyima, tunaweza kusema hatumo?

Kwa hivyo tunaomba mambo manne.

Kwanza, tuwatembelee walio ndani, na tujue tarehe ya kutoka.

Pili, kabla hajafika, wazee wakae na jamaa zake na yule aliyekosewa. Arudishe alichoiba, hata kama ni kidogo kidogo. Kifungo peke yake hakimrudishii mama mali yake.

Tatu, vikundi vimwazime vifaa vya kazi na kumpa kazi ya kujaribiwa, alipwe kwa kila kipande anachomaliza, na mzee mmoja amwangalie. Huko si kumpa ufunguo wa sanduku la pesa. Ni kumpa msumeno.

Nne, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998 inaruhusu hakimu, kwa makosa yanayostahili kifungo kisichozidi miaka 3, kumpa mkosaji kazi ya umma badala ya jela. Afisa wa probesheni akija kuuliza habari za mtu, tusikimbilie kusema, "Mpelekeni tu." Tuseme tunayoyajua, mabaya na mazuri.

Kijana yule atatoka tena kabla ya Krismasi. Safari hii tarehe tumeiandika, na wawili wetu wamekwisha kwenda kumwona. Mwenye mbao amekubali kukaa naye mbele ya wazee. Na nasari bado haina kabati.