Kompyuta ya Chama na Hesabu ya Kazi Yake



Katika chama cha ushirika kilichoimarika, hapana chombo kinachotumiwa bila daftari. Mizani hukaguliwa, mali ya ghalani huhesabiwa, na trekta ikitoka huandikwa saa, shamba na lita za mafuta. Lakini kompyuta iliyonunuliwa kwa fedha za wanachama mara nyingi huachwa bila mtu kuuliza nguvu zake zinatumiwa na nani. Siku ya malipo ikiwa nzito, wanachama wakangoja tangu asubuhi hadi jioni, lawama humwangukia katibu, na kamati huanza kuzungumzia kununua nyingine. Makusudi ya mazungumzo haya ni kueleza kwamba uamuzi wa namna hiyo haufai kupitishwa kabla ya kupima.

Kitu cha kupimwa kwanza ni prosesa, yaani kile kipande cha kompyuta kinachotekeleza amri zote. Programu ya leja, programu ya barua, programu ya kuzuia virusi, na nyingine nyingi zisizoonekana kwenye kioo, zote huitegemea. Prosesa huzihudumia kwa zamu fupi mno, hata mtumiaji akadhani kwamba zote zinakwenda kwa pamoja. Utaratibu wa zamu si mpya. Mwezi Novemba 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha jinsi kompyuta moja inavyoweza kuwahudumia watumiaji kadhaa kwa zamu. Palipo na zamu, hapana budi pawe na hesabu ya aliyetumia muda mwingi na aliyetumia mdogo.

Hesabu hiyo imo ndani ya kompyuta yenyewe, wala haihitaji fundi. Katika kompyuta za Windows, vibonye vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa pamoja, hufunguka Task Manager, chombo kilichoanza kutolewa na Windows NT 4.0 mwaka 1996. Humo mna orodha ya programu, na safu iliyoandikwa CPU huonyesha asilimia ya prosesa inayotumiwa na kila moja. Kichwa cha safu hiyo kikibonyezwa, programu zitumiazo zaidi hupanda juu. Katika kompyuta za Linux huandikwa amri ya top, jina lililotokana na programu iliyoandikwa na William LeFebvre mwaka 1984.

Kusoma orodha hiyo kunataka uangalifu wa namna tatu.

Kwanza, katika orodha ya kina ya Windows huonekana jina la System Idle Process, pengine likiwa na 95 au zaidi. Wengi hushtuka wakidhani wamempata mwizi. Kumbe jina hilo ni la nafasi iliyo wazi: huonyesha kwamba prosesa haina kazi kwa kiasi hicho.

Pili, prosesa nyingi za siku hizi zina viini viwili, vinne au zaidi. Windows huhesabu viini vyote pamoja kuwa 100. Kwa hiyo programu iliyokwama ikakishika kiini kimoja kati ya vinne huonekana kuwa ni asilimia 25 tu, ingawa kiini hicho hakina nafasi tena. Amri ya top kwa kawaida huhesabu kila kiini kuwa 100, na programu hiyo hiyo huonekana kuwa ni 100. Tarakimu za mashine mbili zisilinganishwe kabla ya kujua kipimo kilichotumika.

Tatu, tarakimu kubwa ya muda mfupi si kosa. Programu ya leja ikikokotoa malipo ya msimu mzima lazima itumie nguvu. La kutiliwa shaka ni matumizi makubwa yasiyokoma, hasa wakati hapana mtu afanyaye kazi. Kati ya Septemba 2017 na Machi 2019, huduma iliyoitwa Coinhive iliwawezesha wenye kurasa za intaneti kutumia prosesa za wageni wao kuchimba sarafu ya Monero, mara nyingi bila wageni hao kuambiwa. Huduma hiyo ilifungwa, lakini hila yenyewe ingalipo. Chama kinachochezewa hivyo hulipia umeme wa faida ya mtu mwingine.

Yawezekana pia kompyuta ikawa nzito ilhali prosesa haina kazi kubwa. Hapo ugonjwa uko kwingine: diski imechakaa, au kumbukumbu ni ndogo. Kununua prosesa yenye nguvu zaidi hakutaponya lolote. Kubadili diski au kuongeza kumbukumbu kwaweza kutosha, na gharama yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya kompyuta mpya.

Ndugu Makatibu, Task Manager humpa mtumiaji uwezo wa kuisimamisha programu. Uwezo huo utumiwe kwa hadhari. Leja ikisimamishwa kwa nguvu wakati inaandika, maingizo ambayo hayajahifadhiwa hupotea, na deni la mwanachama laweza kubaki vibaya. Programu isiyojulikana jina isiguswe kabla ya kumwuliza ajuaye.

Inayofaa ni njia ya daftari. Kwa majuma mawili, siku ya malipo ikiwamo, katibu aandike tarehe, saa, kazi iliyokuwa ikifanyika, programu tatu zilizokuwa juu na asilimia zake. Ikidhihirika kwamba programu ya kuzuia virusi hukagua diski nzima saa nne asubuhi, wakati foleni ni ndefu, saa ya ukaguzi ihamishiwe mchana wa mapumziko, kompyuta ikiachwa inawaka. Ikidhihirika kwamba kurasa za intaneti zilizoachwa wazi ndizo zilazo nguvu, zifungwe. Na ikidhihirika kwamba leja yenyewe huijaza prosesa kwa saa nyingi kila siku, hapo kamati itakuwa na hoja ya haki ya kuomba mashine kubwa zaidi, na mkutano mkuu utaonyeshwa ushahidi.

Fedha ya ushirika ni jasho la mkulima. Haitolewi kwa kukisia, iwe ni kwa ajili ya mizani, trekta au kompyuta.