Dinari Mbili

Wanafunzi wa madarasa ya watu wazima, mlioketi pamoja na mwalimu wenu, karibuni. Wekeni kalamu chini kwanza. Mwishoni tutaandika.

Neno letu la leo ni JIRANI. Lina silabi tatu: ji-ra-ni. Ni jepesi kusoma, lakini mwana-sheria mmoja alimwuliza Bwana Yesu maana yake, naye akajibiwa kwa hadithi. Mtaiona katika Injili ya Luka, sura ya 10. Wengi wenu mmeisikia kanisani. Leo nataka tuitazame kama mtu atazamavyo hesabu ya duka, maana ndani yake mna fedha.

Kwanza njia. Kutoka Yerusalemu mpaka Yeriko ni kilometa kama 27. Yerusalemu iko milimani, na Yeriko iko bondeni, chini hata kuliko usawa wa bahari. Msafiri hutelemka mita 1,000 au zaidi, katikati ya jangwa la mawe na makorongo. Mnyang'anyi hakosi mahali pa kujificha. Huko mtu mmoja alipigwa, akavuliwa nguo, akaachwa karibu ya kufa.

Kuhani akapita upande wa pili. Mlawi naye vivyo hivyo. Watu huwalaumu sana wawili hawa. Mimi siwalaumu upesi. Torati ilimkataza kuhani kugusa maiti, isipokuwa ya jamaa yake wa karibu, na huyu aliyelala njiani alifanana na maiti. Tena labda waliogopa. Sisi nasi, tukiona mtu amelala kando ya njia usiku, je, twasimama?

Ndipo akaja Msamaria. Wasamaria na Wayahudi walikuwa majirani, na wote walishika Torati ya Musa, lakini walichukiana. Hapakuwa na utani kati yao, kama ulivyo kati ya makabila yetu mengine. Zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo kuzaliwa, jeshi la Wayahudi lilibomoa hekalu la Wasamaria katika mlima Gerizimu. Chuki hiyo baba alimrithisha mwanawe.

Sasa hesabu yenyewe. Msamaria alitoa mafuta na divai kwa ajili ya majeraha. Akampandisha mgonjwa juu ya mnyama wake. Basi yeye mwenyewe bila shaka alikwenda kwa miguu. Akamlaza katika nyumba ya wageni, akamwuguza. Kesho yake akatoa dinari mbili. Dinari moja ilikuwa mshahara wa kibarua wa siku moja, kama mnavyoweza kusoma katika Mathayo, sura ya 20. Kwa hiyo alitoa jasho la siku mbili. Kisha akaongeza neno lililo zito kuliko fedha: mwenye nyumba akitumia zaidi, atalipwa Msamaria atakaporudi. Alijitia katika deni asilojua kiasi chake, kwa ajili ya mtu asiyemjua jina.

Lakini angalieni, hakuacha safari yake. Aliendelea na shughuli zake, na kazi ya kuuguza akamwachia mwenye nyumba. Wako watu wasemao, "Mimi sina nafasi ya kuwapenda watu, nina kazi." Msamaria naye alikuwa na kazi.

Je, na adui ambaye hakulala njiani, bali amesimama na bunduki mkononi? Mwaka 1977, wakati wa utawala wa Idi Amin, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa. Mwenzake, Askofu Festo Kivengere, aliyewahi kufundisha shule huko Dodoma, alikimbia akavuka milima mpaka Rwanda. Mwaka uo huo alitoa kitabu ambacho jina lake lasema kwamba anampenda Idi Amin. Hakukaa kimya juu ya mauaji; aliyasema waziwazi, wala hakuyaita mema. Alikataa tu kuacha moyo wake utawaliwe na chuki. Hilo ni gumu, na sitawadanganya kwamba mtu huliweza kwa siku moja.

Turudi kwenu. Ninyi sasa mnajua kusoma, na hiyo ni mali. Karibu nawe yuko mama mmoja aliyepata barua ya mwanawe aliye mbali, naye hawezi kuisoma. Atakuja kwako. Pengine mwaka jana aligombana nawe juu ya mpaka wa shamba. Msomee. Msomee yote, usiruke neno lenye uchungu, wala usiongeze lako. Usimtoze hata senti. Na barua ikisema kwamba kijana yumo kifungoni, au anaomba fedha, habari hiyo isifike kisimani kabla ya mama huyo kufika nyumbani kwake. Kuisoma barua ni kazi ya dakika tano. Kuinyamazia ni kazi ya miaka.

Basi, shikeni kalamu. Andikeni maneno haya, kila moja mara tatu: jirani, jeraha, dinari, deni, siri. Kisha kila mmoja aandike jina la mtu mmoja ambaye hawasalimiani. Mwalimu asikusanye karatasi hizo. Mwende nazo nyumbani. Kwa herini mpaka juma lijalo.