MKUFU WA MEYA NI MALI YA RAIA
(Hotuba iliyotolewa katika semina ya elimu ya uraia)



Nimeombwa nizungumze juu ya wanawake na uongozi wa miji yetu. Sitaki kuanza kwa nadharia. Nitaanza kwa maisha ya mama mmoja, kwa sababu safari yake inatufunza zaidi ya vitabu vingi vya siasa.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Mwaka 1965, mjini Kisumu, shingo njema ilivikwa mkufu. Mama Grace Onyango, mwalimu kwa kazi yake, alikuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa meya nchini Kenya. Nchi ilikuwa na umri wa miaka miwili tu tangu ipate uhuru. Katika Bunge hapakuwa na hata mwanamke mmoja aliyechaguliwa na wananchi. Wengi waliamini kwamba kazi ya mwanamke katika siasa ni kumpigia vigelegele mgombea, si kuwa mgombea mwenyewe.

Tujiulize basi: mama huyu alipitia mlango gani? Hakuteuliwa na mkubwa yeyote. Mwaka 1964 aliingia katika baraza la mji kama diwani. Yaani alianzia katika wadi, mahali ambapo mwananchi hulalamika juu ya maji, taka, soko na kodi ya nyumba. Kwa sheria ya wakati huo, meya hakuchaguliwa na raia moja kwa moja. Madiwani walimchagua kutoka miongoni mwao. Kwa hiyo alihitaji kuaminiwa mara mbili: kwanza na majirani zake, kisha na madiwani wenzake.

Ndugu zangu, tusiruke mwaka 1969, maana ni mwaka wa majonzi. Mwezi wa Julai Tom Mboya aliuawa jijini Nairobi. Mwezi wa Oktoba, Rais Jomo Kenyatta alipokwenda Kisumu kufungua hospitali, ghasia zilizuka na watu wakauawa kwa risasi. Siku chache baadaye chama cha upinzani cha KPU kilipigwa marufuku, na Jaramogi Oginga Odinga pamoja na wenzake wakawekwa kizuizini. Uchaguzi wa Desemba ukafanywa kukiwa na chama kimoja tu.

Ni katika uchaguzi huo Mama Grace alisimama Kisumu mjini, akawashinda wanaume, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuingia katika Bunge la Kenya. Wapiga kura walimrudisha mwaka 1974, na tena mwaka 1979. Alikuwa pia mwanamke wa kwanza kukalia kiti cha Spika na kuongoza vikao vya Bunge.

Je, tuuhesabu ushindi wa 1969 kuwa ushindi wa demokrasia? Hapa lazima tuseme ukweli wote, si nusu yake. Wananchi wa Kisumu walikuwa na uhuru wa kuchagua mtu, lakini walikuwa wamenyang'anywa uhuru wa kuchagua sera. Mlango mmoja ulifunguliwa kwa mwanamke katika mwaka uleule ambao mlango mwingine ulifungwa kwa kila raia. Sifa za Mama Grace hazipungui kwa hilo. Alifanya kazi katika uwanja alioukuta. Lakini sisi tusidanganyike kwamba mwanamke mmoja akiingia ndani, basi nyumba nzima imekwisha kuwa huru.

Kuna meya wa pili ambaye hatuwezi kumsahau. Mama Margaret Wambui Kenyatta alikuwa Meya wa Nairobi kuanzia mwaka 1970 hadi 1976. Alikuwa binti wa Rais, na watu hawakuacha kuuliza kama mkufu ule ulikuwa wake au wa baba yake. Swali hilo ni halali katika nchi yoyote inayochukia upendeleo. Hata hivyo, haki inatutaka tukumbuke kwamba alikuwa diwani kwa miaka kadhaa kabla ya kuwa meya. Baadaye aliiwakilisha Kenya katika shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, na tangu mwaka 1992 alikuwa kamishna katika Tume ya Uchaguzi, vyama vingi viliporudi.

Somo langu ni hili: binti wa mwalimu, wa mkulima au wa mchuuzi, asiye na jina kubwa, apate njia iliyo pana sawa na ya binti wa Rais. Njia hiyo haitengenezwi kwa hisani. Hutengenezwa kwa sheria na kwa kura.

Kwa nini nasema kwa sheria? Kwa sababu tumeona jinsi mabaraza yetu yalivyoweza kunyang'anywa raia. Mwaka 1983 serikali ililivunja baraza la jiji la Nairobi, na kwa miaka mingi jiji likaendeshwa na tume iliyoteuliwa. Mwenye nyumba Kariobangi au Eastleigh alilipa ada, lakini hakuwa na diwani wa kumuuliza fedha zimekwenda wapi. Kisha mwaka 1988 tukaletewa kura ya mlolongo, ambapo mlolongo mrefu uliweza kushindwa na mfupi. Charles Rubia, Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Nairobi, alipodai vyama vingi pamoja na Kenneth Matiba mwaka 1990, jibu alilopewa lilikuwa kizuizi.

Leo cheo cha meya wa namna ile hakipo tena. Katiba ya 2010 ilileta kaunti, na tangu 2013 gavana huchaguliwa na raia wenyewe. Hiyo ni faida kubwa. Lakini tazameni hesabu. Mwaka 2013, kati ya magavana 47, hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Mwaka 2017 walichaguliwa 3. Mwaka 2022 wakachaguliwa 7. Tunakwenda mbele, lakini kwa mwendo wa kobe. Na Katiba hiyohiyo inasema kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa jinsia moja isizidi theluthi mbili. Mwaka 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais avunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kutimiza kanuni hiyo. Bunge halikuvunjwa.

Tufanye nini basi? Tusingoje miaka mitano tuanze kuulizana, "Wanawake wako wapi?" Kenya ina wadi 1,450. Katika kila wadi yupo mama anayeongoza chama cha akiba, anayesuluhisha ugomvi wa majirani, anayejua ni mtoto yupi hakwenda shule. Huyo ni kiongozi tayari. Anachokosa ni ada ya uteuzi, ulinzi dhidi ya wahuni wa kampeni, na watu watakaosimama naye hadharani. Vyama vyote, vikubwa kwa vidogo, viulizwe: mmemtengea nini? Na wewe mpiga kura ujiulize: nikipewa shilingi mia na mpinzani wake, nitamwacha?

Mama Grace Onyango alifariki tarehe 8 Machi 2023, Siku ya Wanawake Duniani, akiwa na umri wa miaka 98. Mkufu aliouvaa Kisumu haukuwa mali yake, na yeye alilijua hilo. Ulikuwa wa wale waliompigia kura ya kwanza katika wadi. Turudi kwenye wadi zetu tukaanzie pale alipoanzia yeye.